Siagi ya Wageni wa Nebraska

Jumatano, 17 Januari

Leo wameniita tena kwenye kipimo cha mkojo, kile cha dawa za kulevya. Kompyuta huchagua majina, wanasema. Hii ni mara ya nne ndani ya miaka miwili jina langu kutoka, na la Kip, dereva mwenzangu, halijatoka hata mara moja! Nikaenda. Kikombe, mlango nusu wazi, muuguzi kasimama nje anasikiliza kama kuna cha maana cha kusikia. Miaka kumi na tisa naendesha basi la shule na mkojo wangu haujawahi kuwa na neno.

Jimbo limehalalisha bangi—sawa, wavute mpaka watoke moshi masikioni. Dereva wa basi anahukumiwa kwa sheria ya serikali kuu. Chembe moja tu na leseni imekwenda, na pensheni nyuma yake. Bado miaka mitatu nipumzike. Nahesabu.

Kip wa basi namba tisa alikuwa uani anakwangua barafu kwenye kioo. "Umefaulu mtihani, Sherifu?" Sherifu, kama mkuu wa polisi, ndilo jina walilonibandika tangu niliposimama kwenye mkutano wa mji kupinga duka la pili la bangi. Duka lilifunguliwa. Wamelipaka zambarau. Nalipita mara nne kwa siku na watoto thelathini na mmoja mgongoni, na kila mara nageuza uso.

Theluji mpaka magotini. Magoti yenyewe usiseme.

Alhamisi, 18 Januari

Wageni wapya wameingia kibanda namba tatu. Vibanda hivi vya kupangisha wageni si vyangu, mwenyewe anakaa Dallas. Ananilipa nipokee watu na kusafisha saa za mchana, kati ya kupeleka watoto na kuwarudisha. Mji huu mtu mwenye kazi moja ni mgonjwa au ni tajiri.

Lowell na Nadine Vogt. Wakulima wa mahindi, Nebraska. Miaka sabini hivi. Nilipomwona mzee kavua kofia mlangoni nikasema moyoni, afadhali, hawa ni watu wa biskuti na kanisa. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa karatasi. Kaandika maswali! La kwanza: wakinunua bangi kihalali, wataitumia wapi?

Mtu ana leso iliyopigwa pasi!

Nikamsomea. Ndani marufuku. Barazani marufuku. Barabarani marufuku, ni mbele ya watu. Kwenye gari marufuku. Msituni marufuku, msitu ni wa serikali kuu. Kwenye miteremko ya skii marufuku, mlima nao ni wa serikali kuu.

"Sasa, bibi, wapi?"

"Kwenu."

"Kwetu ni kosa," akasema. Kwa upole kabisa, huku anaandika jibu langu kwenye karatasi yake. Sikujua kama ananicheka. Nadhani hakuwa ananicheka, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Nikawaonyesha kibao nilichokigongomea mwenyewe juu ya jiko: HAKUNA MOSHI WA AINA YOYOTE. Nadine akakisoma kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza, akasema wameelewa, watakiheshimu. Wote husema hivyo. Wa mwezi uliopita walisema hivyo, kisha nikakuta vipisi kumi na viwili ndani ya chungu cha maua.

Ijumaa, 19 Januari

Nilikuwa natoa theluji ngazini kwa sepetu. Nadine akatoka na koti la mumewe na kikombe cha kahawa, akaniletea. Sikuomba. Akaanza kuongea. Wamekwenda duka la zambarau. Kijana wa mlangoni amewadai vitambulisho, na nywele zile nyeupe! Lowell aliuliza maswali mpaka foleni ikafika nje. Wameambiwa waanze na kidogo, wasubiri saa mbili kabla ya kuongeza, wasichanganye na pombe, wasiendeshe, kila kitu kikae kwenye chombo chenye maandishi, na kitakachobaki kisivuke mpaka wa jimbo. Nadine yote hayo ameyakariri.

Mara ya mwisho walivuta pamoja ghalani kwa baba yake, kabla hawajaoana. Walitaka mara moja tena kabla ya kufa, bila kuchungulia dirishani kama polisi anakuja.

Nikaendelea na sepetu langu.

Akasema, basi kwa sababu kibao chako hakitaki moshi, sisi tumeamua—

Nikamkata hapo hapo. "Sitaki kujua, mama. Mimi nabeba watoto wa watu. Mambo yenu malizeni wenyewe." Akachukua kikombe chake kitupu akarudi ndani. Kahawa ilikuwa nzuri, sikumwambia.

Jumamosi, 20 Januari

Nimefanya ukaguzi. Nilizunguka kibanda namba tatu mara mbili, pua juu, Graciela akinifuata na ndoo. Graciela Montaño ndiye mwenzangu wa kufagia na kutandika, tangu vibanda vikiwa vitatu. Akauliza, "Haya, pua ya mbwa, umepata?" Nikasema hawajavuta. Bado.

Ukweli, na ukweli huu uko hapa tu: pua yangu haijanusa kitu tangu korona. Miaka mitatu. Sabuni, kinyesi cha mbwa, mkate, vyote ni hewa tupu kwangu. Hajui mtu. Nimejulikana mji mzima kwa pua, nimemtoza mgeni faini kwa pua, nitasema nini leo? Huwa namtazama Graciela usoni. Akikunja uso, nasema kunanuka.

Saa kumi jioni nagongewa mlango. Lowell, kofia mkononi, ananipa funguo za gari lao. Anaomba nizishike mpaka kesho saa nne asubuhi, ili asije mmoja wao akapata wazo la kijinga la kuendesha. Nikamwambia mimi si karani wa funguo. Akasema anajua, lakini hapa hawamjui mtu mwingine.

Nikazichukua. Nimezitundika karibu na kalenda, zinanikera.

Nilipita dirishani kwao kufunga bomba la nje. Oveni inawaka, biskuti kwenye sinia, wale wawili wanacheza na soksi sakafuni, kichwa cha bibi begani kwa bwana. Hakuna moshi. Hakuna kelele. Hakuna chupa. Nilisimama pale kwenye baridi natafuta kosa. Nilikasirika sana kwamba halipo.

Jumatatu, 22 Januari

Wameondoka. Kibanda wameacha kisafi kuliko nilivyowapa—hii nayo ni dharau ya aina yake, kana kwamba sisi hatujui kazi. Barua mezani, kurasa nne, mwandiko wa shule ya zamani. Imeingia mfuko wa taka hapo hapo. Barua za wageni sisomi, mwaka wa sita huu. Ama wanalalamikia maji ya moto, ama wananifundisha namna ya kupanga vikombe.

Tukagawana friji. Huo ni utaratibu wetu mimi na Graciela, na wa kila msafishaji kwenye bonde hili: mgeni hawezi kubeba yai mpaka Nebraska, nasi hatuwezi kutupa chakula. Graciela kachukua mayai, nyama, nusu jibini. Mimi kahawa na siagi. Siagi imejaa chupa pana ya kioo, ya kijani kijani, kifuniko kimebandikwa selotepu nyeupe na maandishi marefu. Wageni wa aina hii huandika kila kitu. Chumvi wanaiandika chumvi.

Graciela akaifungua, akanusa, akakunja uso kidogo. "Hii ina majani gani, Bi Wilma?"

Nikaichukua, nikaiweka puani, nikavuta hewa kwa madaha. "Rozmari," nikasema. "Wakulima hao. Wanatia majani kila mahali."

"Rozmari?"

"Pua ya nani hii?"

Akacheka, akaacha. Nimeikomba yote nikaitia kwenye kibakuli changu cha siagi. Chupa na kifuniko nimeviloweka, selotepu imetoka yenyewe. Chupa nzuri, itafaa kwa maharage.

Jumanne, 23 Januari

Tosti mbili na siagi ya wale wazee saa kumi na moja na robo, kahawa, basini. Ina uchungu fulani kwa mbali lakini haichukizi. Njia yangu ya Quarry ilikuwa barafu tupu. Mvulana wa kina Odom katapika kiti cha tatu. Kazi kama kazi.

Jambo moja: nilipopanda ngazi za kibanda namba mbili mchana sikushika ukuta. Magoti hayakusema kitu. Daktari alinipa vidonge vya mifupa mwezi wa kumi na moja akasema nivute subira. Nilimwona mpumbavu. Huenda si mpumbavu.

Jumatano, 24 Januari

Asubuhi theluji ilikuwa inaanguka polepole, ile ya vipande vikubwa kama manyoya ya kuku, na taa za basi zikiimulika. Nimeipita barabara hii miaka kumi na tisa. Leo nimeona kwamba pale kwenye kona ya kinu kuna miti mitatu imesimama kama akina mama wanasengenya, na nikacheka peke yangu, na watoto wa mbele wakacheka kwa kuwa nimecheka.

Niliwasubiri wawili waliochelewa. Huwa sisubiri, naamini mtoto akiachwa mara moja hachelewi tena. Leo niliona haraka ya nini. Tumefika shule tumechelewa dakika sita na hakuna aliyekufa.

Kip alinitazama uani. "Sherifu, uko sawa? Umenisalimia."

Nikamwambia nimekusalimia kwa bahati mbaya. Lakini sikuwa na hasira naye. Nilitafuta ile hasira ya kila siku, sikuikuta, na sikuikosa.

Alhamisi, 25 Januari

Nimelala usingizi wa mtoto. Siagi nimepaka nene, ule uchungu nimeuzoea, sasa naungoja.

Niliimba basini. Mimi! Wakaniambia niimbe tena. Nimepita duka la zambarau bila kugeuza uso. Ni jengo tu, na hata rangi yake kwenye theluji si mbaya. Graciela kaniletea supu ya pilipili za kijani nikamkumbatia, akasema, "Mama wee, nani kafa?" Nikasema hakuna aliyekufa, nimefurahi tu kukuona. Akaniwekea mkono kwenye paji la uso kupima homa.

Labda ndivyo uzee mwema ulivyo. Mtu unaacha tu kugombana.

Ijumaa, 26 Januari

Kituko cha leo. Nilipita kituo cha kinu bila kusimama. Nilikuwa natazama ile miti yangu mitatu! Junie Lockard, miaka saba, alikuwa pale na begi lake jekundu, wanasema alipunga mkono. Mimi sikumwona. Nilifika shule ndipo kiti chake nikakiona kitupu. Mama yake akaja kumchukua baada ya dakika ishirini, baridi ya kuganda, akampeleka mwenyewe, akapiga simu ofisini akiwaka moto.

Orville—ndiye anayetupangia safari na kutusemesha kwenye redio ya mabasi—akaniita. Lakini Orville ananijua. Akasema dereva wa miaka kumi na tisa haruki kituo, bila shaka mtoto alichelewa kutoka nyumbani, sivyo? Nikasema huenda. Akamwambia mama mtu hivyo hivyo. Mambo yakaisha.

Huenda alichelewa kweli. Watoto huchelewa. Nimejisikia vibaya kama dakika tano, kisha imepita.

Jumapili, 28 Januari

Leo nimefanya jambo ambalo sijafanya tangu nianze kazi ya vibanda. Nilikuwa napaka mkate kwa chai ya mchana, nikamkumbuka yule bibi na kahawa yake ngazini. Nilimkata maneno kama namkata kuku. Aibu ikanishika.

Namba yao ipo kwenye daftari la wageni. Nikaandika meseji: Bi Nadine, huyu ni Wilma wa vibanda. Mlikuwa wageni wazuri na mimi nilikuwa mwenyeji mbaya. Asanteni kwa siagi yenu, naipaka kwenye mkate kila asubuhi kabla ya kwenda kuendesha basi langu. Karibuni tena.

Nimeituma kabla sijabadili mawazo. Hajajibu. Wakulima hulala na kuku.

Jumatatu, 29 Januari

Saa kumi na mbili na dakika tisa. Niko ndani ya basi, injini inapata moto. Nyuzijoto ziko chini ya sifuri.

Simu ilikuwa kwenye begi tangu jana. Nimeitoa sasa hivi kuangalia hali ya barabara. Simu saba sijapokea, zote Nebraska. Na meseji moja:

Dada Wilma, umesema kwenye MKATE? Kila asubuhi? Siagi ile ina bangi. Tuliandika kwenye kifuniko kwa herufi kubwa na kwenye barua, ukurasa wa kwanza, kwamba hatuwezi kuvuka nayo, kama huitaki uitupe. Tafadhali usiendeshe. Lowell anakupigia.

Nimesoma mara tatu. Kisha nikapiga. Lowell kapokea kabla haijalia. Nilimtukana. Nilimwambia mambo ambayo sijawahi kumwambia mbwa. Nilimwambia ameniua, yeye na leso yake na karatasi yake ya maswali, kwamba watu wa namna yake wanakuja hapa siku nne kucheza na soksi kisha wanatuachia sisi takataka yao. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza leo nimekula kiasi gani. Tosti mbili. Saa ngapi? Kumi na moja na robo.

"Basi bado haijakupanda, bibi. Itakupanda hivi karibuni. Uko wapi sasa?"

Sikusema niko wapi.

Akaniomba radhi. Yeye! Aliyeandika kwenye kifuniko, akaandika kwenye barua, akaniletea mpaka funguo za gari nimshikie. Mimi ndiye niliyefuta, nikatupa, nikanusa kwa pua iliyokufa nikasema rozmari. Nikakata simu maana ningelia, na sitaki kulia na mtu wa Nebraska.

Siku nne. Jumanne mpaka Ijumaa, asubuhi na alasiri. Watoto thelathini na mmoja, Njia ya Quarry, barafu, mimi naimba. Magoti, usingizi, miti mitatu. Nilidhani nimekuwa mtu mwema. Ilikuwa siagi!

Sijisikii kitu sasa. Kweli, sijisikii kitu. Macho yangu mazima. Njia hii naweza kuiendesha nimelala. Dakika arobaini tu, niwashushe, nirudi, nikatupe kibakuli mtoni, nani atajua? Vogt hawatasema. Kompyuta imeshanichagua mwezi huu, haitanichagua tena kesho. Watoto wako vituoni tayari, na dereva wa akiba ni mmoja tu, Jumatatu hapokei simu. Wakiganda kule ni juu yangu vilevile.

Hiyo ndiyo hesabu niliyopiga. Naiandika ili nijue niliipiga.

Nimechomoa ufunguo. Injini imezimika, na kimya chake kimenitisha. Nikashika maiki ya redio.

"Basi namba kumi na nne hapa. Sitoki."

"Rudia, kumi na nne?"

"Sitoki, Orville. Siwezi kuendesha. Tafuta mtu."

Kip akadakia kutoka basi lake: "Sherifu kagoma! Wekeni alama kwenye kalenda." Mtu mwingine akacheka. Redio hii inasikika kwenye mabasi yote, ofisini, na kwa mlinzi wa lango la shule. Mji mzima unaamka nayo.

Orville akawanyamazisha. Akasema Kip apitie Njia yangu ya Quarry baada ya yake, na wazazi wapigiwe wawarudishe watoto ndani. Kip akaacha mzaha, akasema sawa, natoka. Watoto wako salama. Hilo limekwisha, dakika tatu tu. Nilidhani ndilo gumu.

Kisha Orville akarudi kwangu, sauti imelainika. "Wilma, ni homa? Mafua yanazunguka. Sema homa niandike homa, ukalale, kesho tutaonana."

Kanifungulia mlango mwenyewe. Neno moja. Naandika hapa huku amenipa dakika anyanyue simu nyingine. Homa, na leseni inabaki. Homa, na miaka mitatu inaisha, napumzika kwa heshima, na kwenye mkutano wa mji nasimama tena mbele ya watu nawanyooshea kidole. Nikisema lile jingine lazima aandike, akiandika hakuna wa kulifuta. Kip atasikia. Graciela atasikia kabla ya saa tatu. Yule kijana wa duka la zambarau atasikia, na atakuwa na haki ya kucheka mpaka aanguke.

Naogopa. Sijaogopa hivi tangu siku ile breki zilipokatika kwenye mteremko, na siku ile sikuwa na muda.

Lakini Ijumaa nilipewa neno moja namna hii hii. Huenda, nikasema. Na mama yake Junie alimnyima bintiye kwenda kuteleza kwenye theluji Jumamosi nzima, kwa kosa la kuchelewa. Nilimsikia mwenyewe dukani akimwambia keshia. Nilikuwa nachagua ndizi, nikajisikia vizuri, nikaenda zangu. Mtoto alisema alikuwa pale. Alisema alipunga mkono. Hakuna aliyemwamini kwa sababu ya miaka yangu kumi na tisa.

"Kumi na nne, nimerudi. Niandike homa?"

"Si homa," nimesema.

Wote wako pale kwenye redio, wanasikiliza.

"Basi ni nini, Wilma?"

Nimemwambia kwanza ampigie mama Junie amwambie mtoto hakuchelewa, kwamba ni mimi niliyempita. Amesema haelewi, hilo lina uhusiano gani na leo. Anauliza tena. Maiki iko mkono wa kushoto, kalamu wa kulia; naiweka kalamu chini, nimwambie ni bangi.